Ziwa Tanganyika likifungwa Mei hadi Agosti: tuanze kujipanga lini, na tuanze na nini?

katibu_mwalo ameuliza:

Wakuu, habari za mchana. Naulizia kwa niaba ya kikundi cha mwambao wa kusini mwa Kigoma: vipe 6 (boti zinazovua dagaa usiku kwa taa na wavu), mitumbwi midogo 11, na akina mama wachakataji ambao ndio wengi kuliko wavuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na tunataka safari hii tusikutwe tumekaa.

Tunabishana mambo manne. Kwanza, kuna faida gani sisi kusimama ikiwa ziwa ni la nchi nne na dagaa hawana pasipoti? Pili, akiba ya dagaa wakavu: ianze kuwekwa lini na itunzwe vipi isiharibike wala isionekane imevuliwa kwa magendo? Tatu, nyavu, boti na mashine zikilala siku 93, zilazwe vipi? Nne, kuna wanaotuambia tuweke vizimba (matundu ya wavu ya kufugia samaki ndani ya ziwa) vya sato ili miezi hiyo tuwe na samaki wa kuuza. Je, inawezekana, au ni maneno ya semina?

Naomba majibu yenye vipimo. Maneno ya jumla tunayo ya kutosha.

---

samaki_na_takwimu:

Nianze na la kwanza, maana hayo mengine yote yanalisimamia.

Ziwa limegawanyika hivi: Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Ukitazama asilimia hizo utadhani Burundi na Zambia ni wadogo wasio na uzito. Sivyo. Dagaa na migebuka ni samaki wa maji ya wazi, hawakai kwenye eneo la nchi moja. Chakula chao kinafuata upepo. Kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya chini yenye rutuba yanapanda kujaza nafasi. Vijimea vinastawi, vijidudu vinafuata, dagaa nyuma yao, na mgebuka nyuma ya dagaa. Kwa hiyo samaki aliyeachwa kusini mwezi Juni anaweza kuwa riziki ya kipe cha kaskazini baadaye, na kinyume chake pia. Nchi moja ikifunga peke yake inamtunzia jirani stoo.

Ndiyo sababu nchi hizo nne, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, zilitia saini hati ya kikanda ya usimamizi wa uvuvi Desemba 2021. Mamlaka yenyewe imezaliwa na mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003. Kufunga ziwa ni sehemu moja tu ya makubaliano hayo. Watu wanaishika hiyo kwa sababu ndiyo inayouma.

Faida haiji kwa samaki wote kwa kasi moja, na hapa ndipo matarajio yanapokosewa. Dagaa yule mwembamba wa maji ya wazi (Stolothrissa) anaishi karibu mwaka mmoja tu na anaanza kutaga akiwa na sentimita 7 hivi. Kwake miezi mitatu ni robo ya uhai, kwa hiyo akipumzishwa anajibu haraka. Lumpu (Limnothrissa) hutaga karibu na ufuko, ndiyo maana kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukoni, linamuumiza kuliko kipe. Mgebuka ni habari nyingine: anachukua miaka kukomaa, na miezi mitatu inamsaidia kidogo tu ikiwa miezi tisa inayobaki anavuliwa akiwa mdogo. Mtu akisema "tumefunga mara moja, mbona migebuka haijarudi", hajakosea kuona, amekosea kutegemea.

Na tusidanganyane: kufunga hakuponyi kila kitu. Maji ya juu yamepata joto, na maji ya moto juu ya maji ya baridi hayachanganyiki kirahisi, hivyo rutuba inabaki chini. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea ulishapungua kwa asilimia 20 hivi kwa sababu hiyo. Huo upungufu hauzibwi na kanuni yoyote ya uvuvi. Ila ziwa linapozalisha kidogo ndipo inapokuwa hasara zaidi kuvua samaki kabla hajataga.

---

MamaVichanja:

Katibu, salaam. Mimi nijibu la akiba, maana naona kila mwaka watu wanalianza Mei wakati ni la Machi.

Tatizo lenu la kwanza ni kalenda. Kiangazi cha Kigoma kinaingia Mei, yaani jua zuri la kuanikia linafika siku ileile ziwa linapofungwa. Akiba mnayoihitaji lazima ianikwe Machi na Aprili, katikati ya mvua. Kwa hiyo msipange kwa hesabu ya kiangazi. Mpange vichanja vyenye turubai la kufunika, na mkubali kwamba siku za mvua mfululizo dagaa wanaouzwa wabichi ni afadhali kuliko wanaoanikwa wakaoza.

Kichanja kiwe na urefu wa kiunoni, karibu mita moja, juu pamefungwa wavu wa chuma au wavu mkuukuu uliokazwa vizuri. Dagaa watandazwe safu moja, wasipandane. Wakipandana, wa chini wanapikika kwa joto lao wenyewe na matumbo yanapasuka. Kwenye kichanja hewa inapita juu na chini, kwa hiyo wanakauka upesi kuliko mchangani, na hawana mchanga ambao mnunuzi wa mbali anaukatia bei. Mkitumia hema la nailoni siku za mawingu, acheni matundu chini na juu. Hema lililofungwa pande zote linapika dagaa badala ya kuwakausha, nje wagumu, ndani wabichi.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini. Dagaa mbichi ni maji karibu asilimia 75. Kilo 100 mbichi zina kilo 25 za kitu kisicho maji. Mkikausha mpaka maji yabaki asilimia 15, mnapata kilo 29 na nusu hivi. Mkiishia asilimia 30, mnapata karibu kilo 36. Hizo kilo 6 za ziada zinamfurahisha muuzaji wa papo kwa papo, lakini kwenye stoo ya miezi mitatu ndizo zinazoleta ukungu na funza na kuwaharibia gunia zima.

Hamna kipima unyevu? Chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, robo yake dagaa wasiotiwa chumvi, juu tieni kijiko cha chumvi kavu iliyokaangwa kidogo ikapoa. Fungeni, tikiseni, acheni robo saa, tikiseni tena. Chumvi ikishika kwenye kioo au ikifanya madonge, dagaa bado wana maji, warudi juani. Ikibaki inatiririka kama mchanga, wako tayari. Chumvi huanza kunyonya unyevu palepale karibu na kiwango ambacho ukungu huanza kuota, ndiyo maana kipimo hiki kinafanya kazi. Dagaa wa chumvi usiwapime hivi, watakudanganya.

Stoo: magunia juu ya chaga, kiganja kizima kutoka ukutani, gizani. Giza si mapambo. Dagaa wana mafuta, na mafuta yakikaa kwenye mwanga na joto yanachacha. Mkiona rangi ya fedha inageuka manjano iliyokolea na harufu inakwaruza koo, mafuta yameshachacha, na kuanika upya hakurudishi. Kila wiki mbili fungueni gunia moja la katikati, si la juu, mtafute wadudu weusi wadogo na unga chini ya gunia. Wakionekana, mzigo wote utoke juani siku nzima, stoo ifagiliwe mpaka kwenye nyufa. Na naomba sana: dawa ya kuulia wadudu wa mahindi au mbu isikaribie dagaa. Inafanyika, na wanaofanya wanajua wanachofanya.

La magendo. Ofisa hawezi kutofautisha dagaa wa Aprili na wa Juni kwa macho. Kinachotofautisha ni karatasi. Wiki moja kabla ya kufunga, kikundi kiandike daftari moja: jina la mwenye mzigo, idadi ya magunia, uzito, mwalo (mahali boti zinaposhushia samaki), tarehe ya kuingia stoo. Ofisa uvuvi na uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, wahesabu na kugonga mhuri, nakala mbili. Kila gunia linalotoka linapunguzwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Mwenye magunia 40 kwenye daftari akishauza 40 na bado ana mzigo, hapo amejishtaki mwenyewe. Someni pia tangazo la mwaka husika, masharti ya kusafirisha hubadilika.

---

katibu_mwalo:

Mama, asante sana. Hilo la mvua ya Aprili hatukuwa tumelipigia hesabu kabisa, tulikuwa tumeandika "kuanika Aprili–Mei". Nalibadilisha leo. Wa nyavu na mashine tunawasubiri.

---

nyavu_na_maboya:

Nipo, mkuu.

Nyavu. Adui wa nailoni ni jua, panya na mafuta ya mashine, kwa mpangilio huohuo. Osheni wavu wa kipe kwa maji safi mpaka magamba na ute viishe, maana panya wanafuata harufu, hawana haja na uzi wenyewe. Kausheni kivulini. Mkiwaona watu wametandaza nyavu juani wiki nzima "zikauke vizuri", wanazizeesha. Kisha ning'inizeni kwenye boriti, zisilale sakafuni, na chumba hichohicho kisiwe na mapipa ya petroli.

Kabla ya kuning'iniza, pimeni macho. Wavu ukiwa umelowa, vuta macho 10 mfululizo yanyooke, pima kwa rula kutoka fundo la kwanza hadi mwisho wa jicho la kumi. Wavu wa milimita 8 lazima utoe milimita 80. Ukipata 72, jicho lako limeshakuwa 7.2 hata kama lilinunuliwa likiitwa 8, kwa sababu nyavu hujikunja kwa matumizi na kuchemshwa kwenye rangi. Pimeni sehemu tatu: karibu na kamba ya juu, katikati ya tumbo na chini. Tumbo ndilo linalojikunja zaidi na ndilo linaloshika samaki. Na wavu wa pili ulioshonewa juu ya wa kwanza "kuimarisha" unafanya jicho liwe nusu. Mkaguzi anayejua kazi huangalia hapo kwanza.

Boti. Kosa kubwa ni kuipandisha nchi kavu na kuiacha juani miezi mitatu. Mbao zikikauka kupita kiasi zinasinyaa, maungio yanafunguka, na siku ya kuishusha inakunywa maji kama chujio. Ipandisheni juu ya magogo, mkwangue uchafu chini, mzibe maungio kwa pamba, halafu mwezeke paa la nyasi au makuti juu yake. Mwageni ndoo kadhaa za maji ndani mara mbili kwa wiki. Siku nne kabla ya kuanza kazi irudi majini ikae imefungwa, mbao zivimbe.

Mashine ya boti ya mipigo miwili (two-stroke). Siku ya mwisho chomoeni mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma, iachwe izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Petroli iliyochanganywa na oili ikilala humo inaacha gundi kwenye tundu dogo la kabureta, na Agosti mtasema mashine imekufa kumbe imezibwa na kitu chembamba kuliko unywele. Fungueni plagi, tieni kijiko cha oili kila silinda, zungusheni kwa mkono mara tano sita, rudisheni plagi. Kisha fungueni skrubu ya chini ya gia mtazame oili inayotoka. Ikiwa nyeusi au ya dhahabu, sawa. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili imechoka. Badilisheni sili sasa, msingoje, maana maji hayo yakilala miezi mitatu yanakula bearingi. Mashine isimame wima wakati wote. Na ilale ndani ya nyumba ya mtu, si mwaloni, hilo mnalijua kuliko mimi.

Taa. Betri za asidi zinazowasha taa za LED hufa kwa kulala zikiwa tupu. Chajini mpaka ijae, tenganisheni nyaya, na kila mwezi mpime: ikishuka chini ya volti 12.4, chajini tena. Wenye karabai wapake mafuta ngozi ya pampu, ikikauka haisukumi.

---

Rumonge_Ndagala:

Amahoro ndugu zangu wa ng'ambo. Niongeze la soko, kwa kuwa ninyi mnaita dagaa, sisi ndagala, Kongo ndakala, Zambia kapenta, na mgebuka wenu huku ni mukeke. Si utani huo. Kwenye karatasi za mpakani andikeni jina la Kiswahili na lile la kisayansi, maana mzigo unaweza kukwama kwa sababu ofisa wa upande wa pili hajui kwamba ni samaki yuleyule.

Miezi ya kufunga bei inapanda pande zote nne kwa pamoja, kwa hiyo mzigo halali wa akiba utatafutwa Bujumbura, Uvira na Kalemie. Burundi, Tanzania na Kongo zote ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kongo tangu 2022. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa iliyo kwenye orodha anaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachotolewa palepale mpakani. Lakini cheti hicho ni cha ushuru tu. Hakiondoi cheti cha afya ya samaki wala kibali cha kusafirisha. Wengi hushika kimoja wakadhani wamemaliza.

Zambia ni mlango mwingine. Haimo katika Jumuiya yetu. Tanzania ilijitoa COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000, kwa hiyo karatasi ya COMESA haifai kwa mzigo wa kutoka Kigoma kwenda Mpulungu. Hapo mnapita kwa utaratibu wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Sisi Warundi ni kinyume, COMESA tumo, SADC hatumo. Ziwa moja, karatasi tatu!

Na kwa swali la "mbona wa ng'ambo wanavua": linaulizwa hata huku, tukiwaelekezea kidole ninyi. Dawa ndogo ninayoiona ni kamati za mialo inayotazamana kubadilishana orodha ya boti na namba zake kabla ya 15 Mei. Boti yenye namba inayoonekana kutoka mbali usiku wa Juni ina nchi na ina mwenyewe. Isiyo na namba ni ya kila mtu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

---

kizimba62:

La nne. Inawezekana, ila si kwa namna mnavyoambiwa. Sato wa kizimba anachukua miezi 6 hadi 8 kutoka kifaranga hadi gramu 400. Ukipandikiza ziwa linapofungwa, utavuna Desemba, wakati dagaa wamejaa sokoni. Anayetaka samaki wa Juni apandikize Oktoba au Novemba. Yaani kizimba hakianzi Mei. Kinaanza miezi miwili tu baada ya ziwa kufunguliwa, wakati kila mtu ana hela na hakuna anayefikiria kufungwa.

Kizimba kimoja cha mita 5 kwa 5, kina mita 2.5, kina ujazo wa mita za ujazo 62.5. Mgeni wa kazi asizidishe vifaranga 3,000. Wakipona asilimia 85, mnavuna 2,550, na kwa gramu 400 kila mmoja ni kilo 1,020. Chakula kikitumika kilo 1.6 kwa kila kilo ya samaki, mnahitaji kilo 1,632, mifuko 82 ya kilo 20. Andaeni fedha ya mifuko yote 82 kabla ya kununua kifaranga cha kwanza. Vikundi vingi havifi kwa magonjwa, vinafia mwezi wa nne chakula kinapokwisha. Samaki anabaki gramu 180, na anayekuja kumnunua anajua mmebanwa.

Mahali ndipo Tanganyika inapotofautiana na Victoria. Ufuko wetu unaporomoka: hatua chache kutoka mwaloni tayari ni kina kirefu, na nanga haina pa kushika. Tafuteni ghuba yenye kina cha mita 10 hadi 20, chini ya kizimba pabaki angalau mita 5, na kamba ya nanga iwe mara tatu au nne ya kina. Kwa kina cha mita 15 ni kamba ya mita 45 hadi 60 kwa kila kona. Kamba fupi inavuta kizimba chini mawimbi ya Julai yanapokuja.

Hatari ya pili haionekani. Ziwa hili chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 na ushei kusini, halina hewa kabisa. Upepo mkubwa ukipandisha maji ya chini, hewa inashuka ghafla. Pimeni oksijeni alfajiri. Ikishuka chini ya miligramu 4 kwa lita, simamisheni kulisha siku hiyo. Samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi, na ndiye anayekufa kwanza.

Vifaranga vitoke kwa mzalishaji wa bonde hilihili. Kirusi cha sato kilishagunduliwa Ziwa Victoria upande wa Uganda na Tanzania, taarifa zake zilitoka 2018. Ndoo moja ya vifaranga vya bei rahisi kutoka huko inaweza kuwaletea nchi nne ugonjwa ambao hakuna aliyeuagiza. Vibali: uvuvi, mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Anzeni kuviomba Februari kama mnataka kupandikiza Oktoba.

---

samaki_na_takwimu:

Nakubaliana na kizimba62, nina nyongeza moja chungu. Ulizeni chakula chenyewe kimetengenezwa kwa nini. Kikiwa na asilimia 10 tu ya unga wa dagaa, mifuko yenu 82 ina kilo 163 za dagaa wakavu. Kwa hesabu ya MamaVichanja hiyo ni kama kilo 555 za dagaa wabichi. Kizimba kinachokula nusu tani ya dagaa ili kutoa tani moja ya sato hakijapumzisha ziwa, kimehamisha uvuvi. Ombeni chakula cha soya na mashudu, mkiangalia protini isishuke chini ya asilimia 30 kwa samaki wadogo.

---

katibu_mwalo:

Kuna mabaharia wetu wanaosema hiyo siku 93 ni hasara ya siku 93. Na wengine wanasema 2024 ziwa lilipofunguliwa hakukuwa na tofauti wiki ya kwanza. Niwajibu nini?

---

samaki_na_takwimu:

La kwanza: kipe hakifanyi kazi mbalamwezi. Kwa usiku kama 20 wa kazi kila mwezi, mnapoteza usiku 60 hivi, yaani giza tatu (giza moja ni kipindi cha kila mwezi kisicho na mbalamwezi). Kuanzia Septemba hadi Aprili kuna giza nane. Matumizi ya giza tatu mkiyagawa kwa nane, kila giza liweke kando zaidi kidogo ya theluthi ya matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja. Iende benki au kwenye kikundi chenu cha akiba, isikae kwa tajiri wa kipe.

La pili: tazameni kalenda ya mwezi. Tarehe 15 Agosti 2024 ilikuwa siku nne tu kabla ya mwezi mpevu, uliokuwa tarehe 19. Taa juu ya maji yenye mbalamwezi haivuti kitu, ziwa liwe limejaa au tupu. Anayepima kufungwa kwa wiki ile anapima mwezi, hapimi samaki. Kwa 2026 mwezi mpya ni 12 Agosti, kwa hiyo kama tarehe ya kufungua itakuwa ileile, boti zitaingia kwenye giza zito moja kwa moja. Usiku wa kwanza utakuwa mkubwa na wengi watadai ni muujiza. Nao huo utakuwa ni mwezi kwa sehemu.

Kipimo cha haki ni hiki: kila giza, mwalo upime dagaa 100 waliochotwa bila kuchagua, kutoka boti tatu tofauti, kwa rula, mdomo hadi panda ya mkia, na uandike usiku uliovuliwa na idadi ya taa. Linganisheni Septemba na Septemba. Sehemu ya waliovuka sentimita 7 ikipanda mwaka hadi mwaka, mapumziko yanazaa. Ikishuka wakati kilo zinapanda, mnavuna watoto, na macho ya nyavu ndiyo ya kuangaliwa. Nakala mpelekeeni TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) Kigoma, na moja kwa kamati ya Rumonge, Burundi, iwapo ndugu yetu hapo juu yuko tayari kupokea.

---

Rumonge_Ndagala:

Niko tayari. Tupime tarehe zilezile, usiku wa tano wa giza, na rula ziwe za milimita. Nitumie namba za vipe vyenu sita kabla ya mwisho wa Aprili, nami nitakutumia za kwetu.

---

nyavu_na_maboya:

Na mkishapima dagaa, rudini mpime macho 10 ya wavu uleule uliowavua, mwandike pembeni. Bila hiyo namba ya pili mtabishana tena Agosti kama kawaida.